Ndege wa kisiwa cha Mombasa: namna ya kuwaangalia, na namna ya kuuliza visa vyao

Mimi nauza mahamri na mbaazi Kibokoni, kwa hivyo alfajiri nishakuwa jikoni, na ndege nawasikia kabla sijawaona. Wateja wakijua kwamba nawafuatilia ndege huniuliza wanunue darubini gani, waende mbuga gani. Mimi huwaambia waanzie darini kwao, na kabla ya darubini wanunue daftari. Kila ndege mpe kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kulia andika ulichomwona akifanya kwa macho yako. Ukurasa wa kushoto andika watu wanavyomsema. Usichanganye hata mstari mmoja. Visa vya ndege vya hapa kwetu havikuokotwa hewani. Aliyevianzisha alikuwa amekaa akamtazama yule ndege vizuri, pengine kuliko wewe na mimi. Ukizisoma kurasa mbili pamoja ndipo utaona ukweli umeishia wapi na chumvi imeanzia wapi.

Anza na kurabu, maana huyo hata ukitaka kumkwepa huwezi. Ni yule kunguru mwembamba mwenye shingo ya kijivu, anayekaa juu ya mabati akisubiri ugeuke uchukue chenji. Si mwenyeji huyu. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, na Mombasa akaonekana mara ya kwanza mwaka wa 1947. Waliosema kanga hazai ugenini hawakumjua kurabu. Ameongezeka hadi mwaka wa 2024 Shirika la Wanyamapori likatangaza mpango wa kuwaangamiza milioni 1 katika pwani na miji mingine, kwa vile wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na kuku wa watu pia. Kunguru wetu wa asili ni yule mkubwa, mwenye kifua na shingo nyeupe, ambaye siku hizi ni nadra kumwona mjini.

Hili lina maana kwa daftari lako. Ukisikia “kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake”, jua methali hiyo ni ya kunguru mweupe kifua, si ya kurabu. Kurabu na woga wapi na wapi? Anamnyang’anya mtoto hamri mkononi mchana kweupe. Basi kila ukiandika kisa cha kunguru, uliza msimulizi alikisikia kwa nani, na huyo aliyemsimulia alizaliwa lini. Kama ni mtu wa zamani kabla ya miaka ya arubaini, anamzungumza ndege mwengine kabisa.

Kisa cha kunguru kinachojulikana na kila mtoto wa chuoni ni cha Kabil na Habil: Kabil alipomuua nduguye hakujua amfanye nini, Mungu akamleta kunguru akafukua ardhi kumwonyesha namna ya kusitiri maiti. Hiki kimo ndani ya Qur’ani, katika Sura ya Al-Maida, wala si cha kukipima. Lakini ukimtazama ndege mwenyewe utaona ni kwa nini fundi wa kufukia awe yeye. Mmoja niliwahi kumwangalia akiwa na kipande cha hamri. Alikibana kati ya bati na ukuta, akarudi nyuma akakitazama kwa jicho moja, akakisukuma tena kwa ncha ya mdomo. Kisha akaruka hadi kwenye muarobaini, akarudi na jani kavu, akalilaza juu yake. Akasogea, akaona bado kinaonekana, akaongeza jani la pili. Wengi wa jamii ya kunguru wana tabia hiyo ya kuficha chakula na kukirudia. Ukurasa wa kulia niliujaza asubuhi ile, na mbaazi zikashika chini ya sufuria.

Kuhusu wakati: saa mbili za mwanzo za mchana, na saa moja kabla ya magharibi. Adhuhuri lala. Kuhusu majira: ndege wageni huanza kuingia kuanzia Agosti, wakati kusi linapungua, wanakaa kaskazi lote, na kufikia Aprili wengi wameondoka. Anayeanza katikati ya kusi akasema Mombasa haina ndege wa pwani amekuja wenyewe hawapo.

Na pwani usitazame saa ya ukutani, tazama maji. Yakiwa yamekupwa kabisa ndege wametawanyika mbali huko mwambani, utaona nukta tu. Nenda maji yakianza kujaa. Yanawasukuma kidogo kidogo kuja upande wako, na wewe umekaa tu chini ya mkoko. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo ndege husogea upesi na kwa makundi. Siku za maji mafu wanazubaa. Mimi hupenda matope ya hori la Tudor, na kwa mchanga na miamba huvuka daraja la Nyali. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nami nyumbani hurudi na changu, hata kama si kitoweo.

Hapo Tudor mtafute yangeyange wa pwani. Utamwona mmoja mweupe pee, na hatua chache kando yake mwengine rangi ya moshi wa makaa, na utaapa ni ndege wawili tofauti. Ni ndege mmoja, wa rangi mbili. Tazama miguu: magoti na chini yake ni meusi, vidole ni vya manjano, kwa wote. Mzee mmoja mvuvi aliniambia yule mweusi ni mume na mweupe ni mke. Niliandika kushoto kama alivyosema. Kulia nikaandika kwamba nimewaona weusi wawili wakijenga tago moja. Sikumrudia mzee kumbishia, na wewe usifanye hivyo. Ukimsahihisha msimulizi mara moja, cha pili hakupi.

Wavuvi hao hao wana maarifa yasiyohitaji kupimwa kwa daftari, maana wao huyapima kwa mafuta ya mashine. Buabua wakikusanyika mahali pamoja wakajitupa majini mmoja baada ya mwengine, chini pana samaki wakubwa, jodari aghalabu, wanaowapandisha dagaa juu. Ndege anakula dagaa, mvuvi anafuata jodari. Ukitaka visa vya ndege wa baharini, kaa nao wakishona nyavu. Usiende wakishusha samaki. Saa hiyo kila mtu ana hesabu zake.

Namna ya kuuliza ni nusu ya kazi yote. Ukimwendea bibi ukamwambia, “Bibi, nipe itikadi za ndege,” atakuambia hana, na atasema kweli. Itikadi ni jina tunalolipa sisi. Mwendee wakati mikono yake ina kazi, anachambua mchele au anasuka ukili, ndege akilia umwulize, “Bibi, huyu anasema nini?” Hapo maneno yatakuja yenyewe. Wazee wa kiume wapate barazani kwenye kahawa, baada ya Alasiri, na usikae ukiwa umeshika simu mbele ya uso wa mtu. Kwanza sabalkheri au masalkheri, habari za watoto, ndipo ndege. Kisha uliza asili: nyanya yake alikuwa wa wapi? Mji wetu huu una Mvita, Mbajuni, Mdigo, Mgiriama, Mngazija, Mshihiri, Mbulushi, na mara nyingi visa viwili vinavyogombana juu ya ndege mmoja vimetoka nchi mbili.

Watoto pia waulize. Kisa cha kuku na mwewe nimekipata kwa watoto kikiwa kizima zaidi kuliko kwa wakubwa: kuku aliazima wembe wa mwewe, wengine husema sindano, akaupoteza, na ndiyo maana mpaka leo kuku anachakura chini akiutafuta na mwewe anachukua vifaranga kuwa fidia. Kila kitu ndani yake kinaonekana uani kwako. Kinachobaki ni wembe.

Bundi ana masharti yake. Usimuulizie usiku, na usimuulizie kamwe katika nyumba yenye mgonjwa. Huku kwetu, bundi akilia juu ya paa watu hutaja kifo, na wako wanaorusha mawe. Wazee wengine humwita babewatoto, na kwa jina hilo watoto wamenyamazishwa miaka mingi. Mimi mwenyewe nyanyangu alikuwa akitia chumvi motoni akimsikia, na sikuwahi kumcheka.

Lakini kamuulize pia maalim. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Bukhari, Mtume (SAW) alikanusha mkosi wa ndege, na bundi akatajwa waziwazi pamoja nao. Waarabu wa kale walishika kwamba roho ya aliyeuawa hutoka ikawa bundi, akazunguka akililia kisasi. Kwa hiyo hofu hii ni ya zamani sana, na kukatazwa kwake ni kwa zamani vilevile, na vyote viwili vinaishi mtaa mmoja. Andika vyote.

Kisha nenda mchana ukatafute alikolala. Bundi wetu wa majengo ni yule mwenye uso mweupe wa moyo, anayeishi katika magofu, maghala na dari za nyumba kuukuu. Halii “huu, huu” kama watu wanavyomwigiza. Anapiga ukelele mkavu wa kukwaruza, na makinda yake hukoroma. Chini ya mahali anapolala utakuta madonge meusi yanayong’aa, makubwa kama kidole gumba. Si kinyesi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Chukua donge moja, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu, ulifungue kwa sindano mbili juu ya gazeti. Nilipofungua la kwanza nilitoa fuvu la panya lisilopungua kitu, na meno yake ya mbele bado yana ile rangi ya chungwa. Ndani ya donge hilo hilo mlikuwa na taya za panya mwengine mdogo, na mfupa wa bega mwembamba hata mwanga unapita. Osha mikono kwa sabuni, halafu ujiulize ni ndege gani mwengine mtaani anayekufanyia kazi hiyo bila malipo. Sumu ya panya, kwa taarifa yako, humuua na yeye.

Kwa nini basi alie penye mgonjwa? Mimi naona hivi, na ni maoni yangu: nyumba yenye mgonjwa taa haizimwi, watu wako macho, chakula kinapikwa usiku na makombo yanamwagwa. Panya wanatoka, bundi anawafuata. Na sisi tuliokesha ndio tunaomsikia; usiku mwengine alilia vilevile tukiwa tumelala.

Tipitipi, ambaye wengine humwita dudumizi, ni rahisi zaidi na huleta raha. Ni mkubwa kama kuku wa kienyeji mchanga, mgongo wa rangi ya kutu, mkia mrefu mweusi, jicho jekundu, na anatembea vichakani kama hataki kuonekana. Sauti yake inateremka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Husemwa anaita mvua. Hapa daftari lina raha: andika kila siku uliyomsikia, na pembeni andika kama mvua ilinyesha siku hiyo au ya pili yake. Fanya hivyo tangu kabla ya masika mpaka baada ya vuli. Daftari langu limenionyesha kwamba huita hata wakati wa jua kali, ila kuelekea mvua huita kwa kuzidi, asubuhi na jioni, na wanaitikiana. Huo ndio wakati anaotaga, wadudu na vyura wakiwa tele. Basi mvua haiiti yeye, ila amejua inakuja, na aliyeanza kusema hivyo alikuwa na masikio.

Hudihudi nitampita haraka, kwa kuwa kisa chake na Nabii Suleiman na habari za malkia wa Sabaa unakijua. Wapokezi wa tafsiri waliongeza kwamba alikuwa akiona maji yaliyo chini ya ardhi. Mkute kwenye uwanja wenye nyasi fupi uone anavyoutia ule mdomo mrefu udongoni, hapa, pale, hapa, mpaka anatoa buu. Utaelewa.

Sasa ugenini. Ami yangu alikuwa baharia, na meli zao zilitia nanga Larnaca, kisiwani Kupro, katika bahari ya Mediterania. Kando ya mji huo pana ziwa la chumvi, na ukingoni mwake limo kaburi la Ummu Haram, sahaba wa kike aliyebashiriwa na Mtume kwamba atasafiri baharini, akafia huko karne ya 7 kwa kuanguka kutoka mgongoni mwa nyumbu. Ami alikwenda kuzuru, na alichokuja kutusimulia zaidi ni heroe: ziwa zima la waridi mbele ya kuba. Wanakuja Novemba na kuondoka mwezi wa Machi, kama wanavyohama-hama heroe wetu wa maziwa ya Bonde la Ufa. Wakristo wa pale wana kisa chao: Mtakatifu Lazaro alimwomba mwanamke zabibu akanyimwa, akaligeuza shamba lake kuwa chumvi.

Kama una mtu wako nje, fanya naye kazi hii kwa sauti za WhatsApp, utashangaa yanavyofanana. Wagiriki huwavika watoto uzi mwekundu na mweupe mkononi tarehe 1 Machi, na desturi ya wengi ni kuuvua wanapomwona mbayuwayu wa kwanza. Sisi mwezi huo ndio tunawaona wanatuaga. Wagiriki na Waalbania wana kisa cha kibundi aliyekuwa mtu: alimuua nduguye, na sasa usiku kucha anamwita kwa jina. Msomee maalim wako hicho, halafu mkumbushe wale Waarabu wa kale. Kupro ina kibundi wake asiyepatikana penginepo duniani. Nasi tuna kibundi wa Sokoke, asiyefika urefu wa shubiri, anayeishi msitu wa Arabuko-Sokoke, msitu wa Dakatcha na sehemu chache za milima ya Usambara Mashariki, basi. Na huko Kupro wakulima wamewekewa masanduku ya kutagia bundi wa uso mweupe ili wawapunguzie panya. Hilo ningependa mtu wa Kisauni alijaribu.

Na ulimbo pia upo. Sisi watoto tulitumia utomvu wa fenesi; wao huchemsha tunda linalonata wakapaka vijiti, wakanasa ndege wadogo wanaopita kwenda Afrika na kurudi, wakawauza kwa sahani. Imekatazwa kisheria tangu 1974 na bado wapo wanaofanya kwa siri. Ndege wanaopita juu ya vijiti hivyo ni wa jamii zile zile tunazozingoja huku mwezi wa Oktoba.

Kisa kimoja cha huko nimekipima nikiwa hapa hapa. Wagiriki walisimulia habari za Alkione, mke aliyefiwa na mumewe baharini, wakageuzwa wote wawili kuwa wadiria, na kila mwaka katikati ya baridi upepo hutulizwa siku kadhaa ili atage juu ya maji. Jina Halcyon, analoitwa kitaalamu mdiria wetu wa mikoko mwenye mdomo mwekundu, limetoka hapo. Utulivu wa bahari ni kweli, kama sisi tulivyo na maleleji kati ya pepo mbili. Mdiria pia ni kweli. Lakini mdiria hatagi majini hata kidogo. Hutaga tunduni, kwenye ukingo wa udongo, kichuguu au shina. Ukurasa wa kushoto umeushinda wa kulia kwa uzuri.

Tahadhari kidogo. Usielekeze darubini wala kamera kwenye feri ya Likoni, bandari ya Kilindini au kambi ya wanamaji Mtongwe. Askari hatakuamini kwamba ulikuwa unatazama mwewe. Mwanamke akienda matopeni Tudor aende na mwenzake. Tago usilisogelee, kwa sababu kurabu anakufuata wewe ili ajue lilipo.

Ukishazoea kisiwa, nenda hori la Mida, karibu na Watamu, kiasi cha kilomita 100 kaskazini. Panda matatu ya Malindi, ushuke njia panda ya Gede, utafute bodaboda. Kuna daraja la mbao linaloning’inia juu ya mikoko, linaloendeshwa na wenyeji, na kiingilio chake ni cha wanakijiji. Nenda kati ya Oktoba na Machi. Hapo ndipo utamwona yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene anayepasua kaa, ambaye huchimba shimo mchangani katika fukwe za Arabuni na Somalia ili atage. Uliza saa ya maji kabla hujatoka Mombasa, na ufike muda wa saa mbili kabla hayajajaa. Chukua kofia, maji ya kunywa, na kalamu mbili, moja huanguka matopeni.